Maji ya Mwisho wa Bomba

Mji wa Tabora haukujengwa kando ya mto wala ukingoni mwa ziwa. Umekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi toka usawa wa bahari, mahali ambapo mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, kisha ardhi hubaki ikingojea, miezi mitano au sita, chini ya jua kali na upepo uchukuao vumbi kutoka barabarani hadi vyumbani mwa watu. Na hata hivyo mji huu ulikuwa, katika karne ya kumi na tisa, kituo kikuu cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mnamo Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakiishi katika matembe mapana, wenye bustani, visima na riziki ya kutosha. Walioishi hapa hawakuwa na maji mengi kuliko watu wengine. Walikuwa na elimu ya maji machache. Elimu hiyo niliisoma vitabuni tangu ujana wangu, lakini sikuitambua kwa hakika mpaka nilipoazimia kutandaza kwa mikono yangu mabomba na vinyunyizio vya maji katika uwanja wa nyumba yangu.

Nyumba yangu ipo upande wa Ipuli, na mbele yake pana uwanja wa mita 10 kwa 10, ambao wakati wa mvua hufunikwa na ukoka wa kijani, na wakati wa kiangazi hugeuka kuwa mavumbi. Watu wengine hudhani kuwa majani ya uani ni pambo la wenye nafasi, na kwa kadiri fulani wana haki. Lakini katika nchi ya udongo wa kichanga, ambao upepo wa Julai na Agosti huuchota na kuupeleka utakako, mizizi ya ukoka ni ulinzi wa ardhi yenyewe, tena hupunguza joto la mlangoni na huwapa watoto mahali pa kuchezea pasipo kukohoa. Kwa muda mrefu sisi, kama majirani zetu, tulimwagilia kwa mpira. Mpira huwekwa pahali, mwenyewe huitwa na shughuli nyingine, maji hutuama yakafanya dimbwi, ilhali hatua nne mbele yake majani yanakauka. Mpira utoao lita 15 kwa dakika, ukiachwa saa moja, humwaga lita 900. Na aliyeuacha aghalabu hawezi kusema ni ngapi katika hizo zilizofika kwenye mizizi iliyokuwa na kiu.

Ninaye jirani, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika zama za magarimoshi ya mvuke hapakuwa na safari pasipo maji: ilikuwa sharti matangi yainuliwe juu ya nguzo vituoni, na watu wa kazi ile walijua kwa uzoefu wa kila siku jinsi maji yaliyopandishwa yanavyopata nguvu na jinsi yanavyoipoteza. Asubuhi moja nilimwamkia, nikamweleza nia yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, maji yako unayajua?"

Nikamjibu kuwa yamo katika simtanki nyuma ya nyumba. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Sikuulizi yaliko. Nakuuliza ni kiasi gani, na yana nguvu gani. Ukishayajua hayo mawili, urudi tuzungumze habari za mabomba."

Maneno yale yalikuwa ndiyo mlango wa kazi nzima, na kwa hiyo yanastahili kufafanuliwa kwa yeyote atakaye kuifanya. Maji yana vipimo viwili, na kimoja hakiwezi kushika mahali pa mwenziwe. Cha kwanza ni wingi wa mtiririko, yaani lita ngapi hutoka kwa dakika. Hiki hupimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Cha pili ni presha, na hii hutokana na kimo: maji yaliyoinuliwa mita 10 hupata nguvu ikaribiayo kanieneo moja ya hewa, na yaliyoinuliwa mita moja hupata sehemu ya kumi ya hiyo. Tangi langu la lita 2,000 lilisimama juu ya mnara wa mita tatu. Kwa hesabu hiyo nguvu yake haikuzidi sana theluthi ya kanieneo moja, nayo yatosha kwa bomba la matone, lakini haitoshi kwa vinyunyizio vya kuzunguka, ambavyo vingi hutaka mara sita au zaidi ya kiasi hicho ili virushe maji mbali na kuyapasua yawe kama manyunyu. Basi ilibidi niongeze mota ndogo ya nusu farasi chini ya tangi. Na nilipopima tena, ndoo ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 24 kwa dakika. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu yote, na kila jambo lililofuata lilipaswa kukaa ndani ya mpaka wake.

Hapo ndipo nilipoielewa misafara ya kale kuliko nilivyoielewa kwa kusoma. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, na juu ya hayo mkeka wake, sufuria yake, chakula chake na kibuyu chake cha maji. Na kabla ya kuingia Mgunda Mkali, ile nyika baina ya Ugogo na Unyamwezi iliyoogopwa na wasafiri wote kwa uchache wa visima, kiongozi wa msafara alijua kisima cha mwisho kiko wapi na kijacho kiko umbali gani. Pale mwendo ulipokuwa mrefu kuliko siku moja, waliondoka adhuhuri wakiwa wamejaza vibuyu, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo maji, wakaondoka alfajiri ili wafike kisimani kabla jua halijawavunja nguvu. Desturi hiyo, iliyoitwa tirikeza, ilikuwa hesabu kamili: mtiririko ulikuwa kibuyu, presha ilikuwa miguu ya mtu, na mpaka wa vyote viwili ulijulikana kabla ya hatua ya kwanza.

Nikaketi kuchora. Kanuni ya vinyunyizio ni kwamba maji ya kila kimoja yafike kwenye mguu wa mwenziwe, kwa sababu kinyunyizio humwaga maji mengi karibu na akali tu mwishoni mwa duara lake, na pasipo kukutana kwa maduara hayo hubaki viraka vya ukame. Vyangu vilirusha mita tano. Nikaviweka mita tano toka kimoja hadi kingine, safu tatu za vitatu vitatu, jumla tisa. Cha katikati huzunguka duara zima na kutoa lita 8 kwa dakika; vinne vya kando huzunguka nusu duara, navyo hupewa tundu litoalo lita 4; vinne vya pembeni huzunguka robo, navyo hupewa lita 2. Asiyezingatia tofauti hiyo, akavipa vyote tundu moja, atazifurikisha pembe za uwanja na kuinyima sehemu yake ya katikati. Jumla yake ni lita 32 kwa dakika, na mimi nilikuwa na 24. Kwa hiyo nikavigawa mafungu mawili ya lita 16, kila fungu na koki yake, ili moja linywe na lingine lingoje zamu. Vinyunyizio vya kugongagonga, vinavyozungushwa na nguvu ya maji yenyewe, vilibuniwa mwaka 1933 na Orton Englehart, mtu wa Glendora huko California, nchi ya mashamba ya michungwa yenye kiangazi kirefu kama chetu. Na tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana, kwa kuwa jambo lililokuwa la kweli kule kuhusu maji ni kweli hapa pia.

Vifaa vilinunuliwa vyote kabla ya jembe kugusa ardhi: mabomba meusi ya plastiki ya inchi moja kwa njia kuu na ya robo tatu kwa matawi, elbo, ti, soketi, koki, chujio, na tepu ya kufungia nyuzi. Somo la kutayarisha kwanza tunalo karibu: kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, lipo tembe ambamo wasafiri Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872, na ambamo Livingstone, baada ya mwenziwe kuondoka mwezi Machi, alikaa peke yake mpaka Agosti akiwangojea wapagazi waliokuwa wakiletwa kutoka pwani. Nimelizuru mara nyingi, na kila mara hunishangaza subira ya mtu mgonjwa, mwenye hamu kubwa ya kuendelea, ambaye hata hivyo hakutaka kuingia njiani kabla matayarisho hayajatimia. Ndivyo ilivyo kwa mabomba: mfereji uliofunguliwa ukangojea elbo moja iliyokosekana hujaa mchanga na takataka, na kazi iliyofanywa mara moja hulazimika kufanywa mara ya pili.

Kuchimba kulikuwa sehemu ya jasho. Nilipiga kamba toka kigingi hadi kigingi, na nilitumia vigingi vya chuma kwa kuwa vya mti mchwa wa Tabora huvila kabla mtu hajamaliza shughuli zake. Kina cha mfereji kilikuwa futi moja, ili jembe la kupalilia lisilifikie bomba na jua lisilipashe moto. Kichanga cha juu ni chepesi, lakini chini yake hukutwa tabaka gumu, na mahali pengine jiwe la matale, lile lile linalochomoza kama vichwa katika vilima vya nchi hii. Penye jiwe hapakuwa na faida ya kushindana, bali kuzunguka. Kadhalika palipokuwa na mizizi ya mwembe nililipinda bomba, sikuukata mzizi. Miembe ya Tabora ina heshima yake: mapokeo yetu husema kuwa mingi ya zamani, iliyopangana kandokando ya njia ya kwenda Ujiji, ilipandwa na watu wa misafara, ili wajao baada yao wapate kivuli na tunda, na mtu aliyerithi kivuli asichokipanda hana ruhusa ya kukiua kwa ajili ya wepesi wa siku moja. Vijana wa jirani walikuja kusaidia asubuhi kabla ya jua kuwaka, wakajifunza nami, na leo baadhi yao hufanya kazi hii kwa malipo.

Kabla ya kuviweka vinyunyizio, niliacha miisho yote ya mabomba wazi, nikafungua maji mpaka yakatoka meupe. Mchanga mdogo usioonekana kwa jicho lisilo na nadhari hutosha kuziba tundu la lita 2, na ni rahisi kuutoa wakati njia iko wazi kuliko kuusaka baada ya kila kitu kufungwa. Kisha nikavifunga vinyunyizio, nikavisawazisha na uso wa ardhi, nikaacha mifereji haijafukiwa, kwa kuwa kazi isiyojaribiwa haistahili kufunikwa.

Jaribio lenyewe halitaki chombo cha gharama. Nilikusanya makopo ya maziwa ya ukubwa mmoja, nikayapanga uwanja mzima, karibu na mbali, katikati na pembeni, nikafungua fungu la kwanza kwa dakika 15, kisha la pili kwa muda ule ule, halafu nikapima kina cha maji katika kila kopo kwa rula ya mwanafunzi. Makopo yaliyokuwa karibu na tangi yalikuwa na milimita 5 au kuzidi. Lile la pembe ya mbali kabisa, mwisho wa bomba la mwisho, lilikuwa na 3. Mtu aliyesimama karibu na mota angeona manyunyu yakicheza juani na kuhukumu kuwa kazi imekwisha. Kopo la mwisho lilitoa ushahidi mwingine, na ushahidi wake ndio uliokuwa wa kweli. Maji yasafiripo ndani ya bomba husuguana na kuta zake na kupoteza nguvu hatua kwa hatua. Na mtiririko ukiongezwa mara mbili, hasara hiyo hukaribia mara nne. Dawa yake si kumwongezea kila mtu, bali ni kupanua njia iendayo kwa aliye mbali. Nililirefusha bomba la inchi moja mpaka mwisho wa uwanja, na matawi yakagawika kutoka huko. Kisha nikapanga makopo upya, na vipimo vikakaribiana.

Tangu siku ile nimekuwa na imani moja ambayo sikuipata kwa wanafalsafa, nayo ni hii: mgao wowote huhukumiwa kwa yule aliye mwisho. Waliojua mwendo wa misafara walilijua jambo hili. Mbele alikwenda kirangozi, yaani mwonyesha njia, na bendera, akisikia ngoma na vifijo. Lakini mwenye msafara, au mnyapara aliyeaminiwa, alikuwa na desturi ya kwenda nyuma, pamoja na wagonjwa, waliochoka na mizigo iliyobaki, kwa maana huko ndiko msafara ulikovunjika ukivunjika. Wala haitupasi kuipamba habari hiyo kwa uzuri isiokuwa nao. Njia hii ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa, na katika siku za kiu aliye mwisho kupata maji alikuwa ni yule aliyefungwa mnyororo, na wengi waliachwa njiani. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hii, na Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake, katika orodha ya awali ya UNESCO ya mahali pa kuingizwa katika urithi wa dunia. Na ikiwa kumbukumbu hiyo ina faida kwetu, basi mojawapo ni kutukumbusha kuwa maji yaliyogawanywa kwa nguvu ya aliye mbele ni dhuluma, hata kama visima vimejaa.

Siku hizi Tabora ina neema ambayo wazee wetu hawakuiota. Zamani mji ulitegemea visima, kisha mabwawa ya Kazima na Igombe. Sasa maji ya Ziwa Victoria huchukuliwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, husafishwa, husukumwa kwa mota kubwa, hupitia nchi ya Shinyanga na kufika Nzega, Igunga na Tabora, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na mji wetu uko juu zaidi. Maana yake, hakuna tone moja linalokuja kwetu kwa kuteremka tu. Kila tone limesafiri mamia ya kilomita na limepandishwa kwa umeme na kwa deni litakalolipwa na watoto wetu. Sisi watu wa Tabora, kwa habari ya ziwa, ndio tulio mwisho wa bomba. Na itakuwa aibu ikiwa sisi tuliofikiwa na ihsani hiyo tutayamwaga barabarani.

Kwa hiyo nimejiwekea kaida ambazo nazitaja kwa matumaini kuwa zitamfaa mwingine. Tangi hujazwa usiku, wakati majirani wengi wamelala na presha ya mtaa haigombaniwi. Kati ya bomba la mtaa na mabomba ya uwanja pana vali isiyoruhusu maji kurudi nyuma, kwa kuwa presha ya mji ikishuka ghafla, maji machafu ya ardhini huweza kunyonywa yakaingia katika bomba ambalo jirani huchota maji ya kunywa. Na asiye na vali hiyo asiweke kinyunyizio kabisa. Uwanja hunyweshwa alfajiri, upepo umetulia na jua halijapanda, si adhuhuri ambapo sehemu kubwa zaidi ya manyunyu hupotea hewani. Hunyweshwa mara mbili kwa juma, milimita 10 kila mara, yaani lita 1,000. Hivyo tangi moja lililojaa huutosha uwanja huu juma zima. Ukoka ni mmea mvumilivu: ukinyweshwa kwa kina na kwa nafasi, huteremsha mizizi, ukinyweshwa kidogo kila siku, huilaza juu juu na kufa kwa kiu ya kwanza. Na mwaka ambao maji ya mji huadimika, vinyunyizio hufungwa, na ukoka huachwa ulale mpaka Novemba, kwa kuwa hakuna jani lenye haki kuliko mtungi wa jirani.

Nyuma ya nyumba, penye mchicha, nyanya na vitunguu, hakuna mota. Mabomba ya matone hutoka moja kwa moja kwenye tangi, kwa nguvu ya kimo chake tu, na maji hufika kwenye shina bila kulowesha njia. Asiye na simtanki asikate tamaa: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita moja juu ya nguzo, yenye chujio na bomba la matone, hunywesha kitalu cha mboga cha familia, na kazi yake ni ya asubuhi moja. Naipendelea bustani hii ya nyuma kuliko ukoka wa mbele, na kama mtu atanitaka ushauri wa wapi aanze, nitamwambia aanze na mboga.

Ndugu msomaji, uwe na uwanja mpana au kitalu cha hatua tatu, usikubali kununua bomba kabla hujapima maji yako kwa ndoo na saa; usifukie mfereji kabla hujapanga makopo; na unapoyatazama manyunyu yako, usisimame karibu na koki ambako kila kitu huonekana chema. Nenda mpaka mwisho, upime huko. Na ikiwa umepewa dhamana ya kugawa kitu kingine chochote, maji ya mtaa, mbegu za kijiji, dawa za zahanati au madawati ya shule, fanya vivyo hivyo: mgao wako haujatimia mpaka wa mwisho apate haki yake.